Shemeji Yupi?

Kisu cha kukatia soli ni kifupi, kipana, kimenolewa upande mmoja tu. Hakikutengenezwa kwa ajili ya kuua mtu. Lakini kilipoingia chini ya mbavu za yule makanika wa malori, saa saba mchana, jua linawaka na redio ya jirani inapiga kelele, kiliingia mpaka kwenye mpini. Makanika alikuwa pande la mtu, hakuanguka papo hapo. Alitoka chumbani kwa miguu yake, akapita sebuleni akiparamia viti, akafika barazani akaangusha benchi la fundi viatu pamoja na viatu vyote vya wateja, kisha akajikokota mpaka getini na kwenda chini kifudifudi. Majirani walipomgeuza, damu ilimrukia mama mmoja usoni. Mpaka kesi inaanza, mama huyo alikuwa bado hali nyama.

Hospitalini aliishi dakika ishirini. Katika dakika hizo alimwambia muuguzi wa chumba cha dharura maneno mawili: "Shemeji kanichoma."

Yalitosha. Nyumbani kwa marehemu aliishi kaka wa mke wake, fundi viatu, mtu mpole asiyejua kugombana hata na mteja mkorofi. Benchi la barazani lilikuwa lake, na kisu kilikuwa chake. Polisi walipofika walimkuta amekaa kwenye ngazi, mikono imelowa damu hadi viwikoni. Hakukimbia. Alisema, "Ni mimi. Twendeni," akanyoosha mikono kufungwa pingu kana kwamba anapimwa shati kwa fundi cherehani. Kosa la kuua kwa kukusudia, adhabu yake kitanzi, na mtuhumiwa amekiri mwenyewe. Kesi ilikuwa mteremko.

Jalada lilitua kwenye meza ya Msumari. Ndivyo walivyomwita ofisi nzima, tena mbele ya uso wake, na yeye hilo jina alilipenda. Alikuwa mwendesha mashtaka wa miaka kumi na tisa kazini, mwanamke mfupi, mkali, mwenye sauti ya kumwamsha jaji aliyesinzia. Miaka sita hakuwa ameshindwa kesi ya mauaji hata moja. Mama wa marehemu alikuja ofisini kila Jumatatu, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akamshika miguu na kulia, na kila Jumatatu Msumari alimwinua na kumwambia, "Mama, huyu haponi." Alimaanisha kila neno.

Jumanne ya wiki ya kesi, askari wa getini alimpigia saluti ya masihara. Askari huyo alicheza mpira zamani na mume wa Msumari.

"Shemeji! Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, shem..." Msumari akaishia hapo.

Alisimama getini na mkoba wake, mdomo wazi. Askari alimwita shemeji kila asubuhi ya Mungu, na yeye Msumari wala hakuwa mwanamume. Neno lenyewe halina suruali wala gauni! Kaka wa mkeo ni shemeji, na dada wa mkeo ni shemeji vilevile. Na katika nyumba ya marehemu walikuwamo wote wawili. Dada mdogo wa mke alikuwa amekuja kujifungulia pale, na siku ya mauaji mtoto wake alikuwa wa miezi minne. Polisi walimwandika mistari mitatu tu: alikuwapo nyumbani, alikuwa chumbani kwake na mtoto, hakuona kitu.

"Shemeji, vipi, umesahau kitu?" askari akauliza.

"Ndiyo," akasema Msumari, akampita mbio.

Alifungua jalada, akalipekua karatasi moja baada ya nyingine. Kila karatasi ilikuwa na namba ya wino mwekundu kwenye kona ya juu, kazi ya karani wa masijala. Maelezo ya muuguzi yalikuwa namba kumi na tatu. Iliyofuata ilikuwa namba kumi na tano. Alilamba kidole akazitenganisha, akidhani zimegandana. Hazikugandana.

Karani wa masijala alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyebakiza miezi michache astaafu na ambaye hakuwa na sababu tena ya kumwogopa mtu.

"Kumi na nne ilikuwapo," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi nikishaipa karatasi namba, nimeipa. Polisi walitaka nipange namba upya ili pengo lisionekane, nikawaambia wakapange makabati yao. Ni maelezo ya nyongeza ya yule muuguzi. Alirudi kituoni kesho yake akayaandika kwa mkono wake. Inspekta anayepeleleza kesi hii akaja akaichukua. Sahihi yake hii hapa."

"Alikwambia anaipeleka wapi?"

"Alisema wewe unajua." Sasa mzee aliinua kichwa. "Ulijua, binti yangu?"

"Sikujua."

"Basi sasa unajua," alisema mzee, akarudi kwenye daftari lake.

Kituo cha polisi kilikuwa upande wa pili wa barabara. Kwenye chumba cha nyuma mtu alikuwa anapigwa. Mlio wa kipande cha mpira wa maji juu ya ngozi ya mtu una namna yake, kwanza upepo, kisha kofi, kisha ile pumzi inayomtoka anayepigwa. Msumari alisimama mlangoni akausikiliza, akahesabu mara saba. Askari wawili wa kaunta walikuwa wanajaza fomu, hawana hili wala lile. Miaka yote hiyo Msumari alipokea maungamo kutoka chumba kile, yamepigwa chapa vizuri, na hakuwahi kuvuka barabara kuja kusikia yanavyotengenezwa. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kuchoma masikio.

Inspekta alitoka akijifuta shingo kwa taulo. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kupendwa na watoto wa mtaani kwake.

"Aa, Msumari mwenyewe! Karibu. Huyu wa ndani ni mwizi wa betri, hakuhusu."

"Karatasi namba kumi na nne."

Tabasamu lilibaki usoni lakini macho yaliondoka. Akamwongoza ofisini kwake, akafunga mlango.

"Haina maana yoyote," alisema. "Mtu anakata roho, anaweweseka. Ingekuchanganya bure."

"Acha nichanganyikiwe mwenyewe. Lete."

"Sikiliza, dada. Yule fundi viatu alikiri kabla sijamgusa. Umewahi kuona? Mimi sijawahi. Mtu anayekiri bure ananitia wasiwasi. Halafu ndiyo akaja muuguzi na karatasi yake. Nikasema, haya, labda huyu anamficha mtu. Nikampiga siku mbili ili aseme kwamba anadanganya. Siku mbili! Nimemvunja vidole vitatu, fundi yule, vidole vya kazi. Nimemning'iniza. Akazimia, nikammwagia maji, nikamwuliza: nani amechoma? Mimi. Nikampiga tena. Nani? Mimi. Sasa mtu akipigwa namna ile na habadilishi neno, anadanganya huyo?"

Alisema hayo kwa uso wa mtu aliyefanya kazi yake sawasawa. Msumari alinyoosha mkono.

"Lete karatasi."

Inspekta alivuta droo, akaitoa, akaisoma tena mwenyewe kimya. Kisha akatoa kiberiti kwenye mfuko wa shati na kuwasha njiti, taratibu, kama mtu anayewasha sigara yake baada ya chakula.

Msumari alimrukia. Kiwiko cha Inspekta kikampiga kifuani akaenda kugonga kabati la chuma, majalada yakamwangukia. Alipoinuka, kona ya karatasi ilikuwa imeshika moto. Mezani kulikuwa na mashine ya kutobolea karatasi, ile nzito ya chuma ya ofisi za serikali. Aliikamata kwa mikono miwili akaishusha juu ya mkono ulioshika karatasi. Kitu kilivunjika ndani ya mkono ule. Inspekta alinguruma, akamzaba kibao kwa mkono mwingine, kibao cha kuona nyota, kisha akamkamata nywele na kumbamiza uso kwenye meza mara moja, mara mbili. Lakini karatasi ilikuwa imeanguka sakafuni, na Msumari alijiachia chini, akailalia kwa tumbo, akauzima moto kwa kifua chake mwenyewe.

"Niue basi!" alipiga kelele. "Niue hapa hapa, halafu uje unitafutie shemeji na mimi!"

Mlango ulifunguliwa. Wale askari wawili wa kaunta walisimama pale na fomu zao, macho yamewatoka. Inspekta alishusha mguu aliokuwa ameuinua.

"Kajikwaa," aliwaambia. "Msaidieni dada yenu."

Ofisini kwake alijifungia, akaisoma ile karatasi huku jasho la joto la mchana likimchuruzika na shavu linamvimba. Kona moja ilikuwa majivu, lakini maneno yalikuwa salama, kwa mwandiko wa duara wa muuguzi: *Nilipokwenda nyumbani nilikumbuka kwamba nilimwuliza marehemu, shemeji yupi? Akajibu, anayenyonyesha. Nilidhani anaweweseka ndiyo maana sikuandika mara ya kwanza. Lakini nimeona niseme.*

Anayenyonyesha. Hapo hapakuwa na la kuuliza tena.

Tuseme ukweli: Msumari aliogopa. Hakumwogopa Inspekta tena, kibao kilishamtoa hofu hiyo. Aliogopa kushindwa. Alimwogopa yule mama wa marehemu atakayepiga magoti Jumatatu ijayo. Mlango ulikuwa umefungwa, na aliyejua karatasi iko wapi ni yeye na Inspekta tu, na mmoja wao angemshukuru akiipoteza. Muuguzi angesimama kizimbani Alhamisi, angejibu anachoulizwa, na hakuna ambaye angemwuliza shemeji yupi. Mshtakiwa mwenyewe amekiri. Kila mtu ameridhika. Alikaa na wazo hilo, akalipakata kama mtoto mgonjwa, na mimi sitamficha hapa kwa kusema alikaa nalo dakika moja. Alikaa nalo tangu saa tano mpaka saa tisa na nusu.

Lakini kazi yake ilikuwa na sheria moja aliyoapa kuifuata akiwa kijana, nayo haikuwa na mahali pa kujificha: karatasi inayoweza kumwokoa mshtakiwa si mali ya anayemshtaki. Ni ya mshtakiwa. Kuikalia ni kumwibia, na kwa kitanzi, ni kumwua. Msumari alikuwa amewapeleka watu wengi gerezani kwa kuua na kwa kuiba. Aliinuka, akaitolea nakala, akaiandikia barua ya kuikabidhi, akatoka.

Wakili wa utetezi alikuwa mtu aliyechoka, aliyepewa kesi hiyo na serikali, mwenye koti moja la mahakamani lililopauka mabegani. Msumari alimkuta kwenye ngazi za mahakama. Wakili alisoma, akautazama uso wa Msumari uliovimba, akasoma tena.

"Unanipa cha kukupigia?"

"Sikupi. Ni chako. Kilicheleweshwa."

Wakili hakufurahi, na hilo lilimshangaza Msumari. Alikunja karatasi mara mbili na kukaa nayo mkononi.

"Tangu nimjue mteja wangu ameniambia neno moja tu," alisema. "Nimekwenda gerezani mara tano. Ninamwambia nitafanya hivi, nitauliza vile, yeye anatazama ukuta. Mara ya mwisho akaniambia, 'Wakili, usiniokoe.' Nikadhani ni kukata tamaa."

"Na sasa?"

"Sasa naona alikuwa ananiagiza."

Akaitia karatasi mfukoni mwa koti. Kisha wakili akasema kwamba yeye hakusomea kumsaidia mtu kujinyonga, na kwamba Alhamisi atauliza swali hilo.

Alhamisi saa tatu chumba cha mahakama kilijaa mpaka madirishani. Mbele walikaa ndugu wa marehemu, na mama yake katikati. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa mjane, na pembeni yake mdogo wake, msichana mwembamba mwenye mtoto kifuani chini ya khanga. Mshtakiwa aliletwa kizimbani. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimepona vimepinda kila kimoja upande wake. Kwa sababu ya vidole hivyo pingu zilikuwa zinamuumiza, na jaji aliamuru avuliwe.

Muuguzi aliapa. Msumari alimwongoza kwa maswali, naye muuguzi akayasema yale maneno mawili. Mama wa marehemu alitoa kilio. Kisha wakili aliinuka na karatasi.

"Muuguzi, baada ya kusema shemeji kamchoma, ulimwuliza kitu marehemu?"

Muuguzi alimtazama Inspekta, aliyekaa nyuma ya Msumari na mkono umefungwa bandeji. Kisha akamtazama Msumari. Msumari akamwitikia kwa kichwa, sema.

"Nilimwuliza shemeji yupi."

"Hapana!" sauti ikatoka kizimbani. "Hapana, dada, nyamaza!"

"Akajibu nini?" wakili akauliza.

"Akasema, anayenyo..."

Fundi viatu aliruka kizimba. Mtu mpole yule, asiyegombana na mteja, alipita juu ya ubao kama mtu anayekimbia nyumba inayoungua. Askari aliyemdaka alipata goti la tumbo akajikunja. Alimfikia Msumari kwanza, kwa sababu ndiye aliyesimama njiani. Alimkamata kola kwa ile mikono yake mibovu na kumpiga kichwa cha uso, pua ikavunjika, Msumari akaisikia inavunjika kabla ya kuhisi maumivu. Wakaanguka pamoja juu ya meza, majalada, chupa ya wino, miwani ya wakili, vyote chini. Alimkalia kifuani akampiga, na kila pigo lilikuja na neno.

"Nani! Alikuomba! Nani! Alikuomba!"

Virungu vilishuka mgongoni kwake, begani, kichwani. Hakuachia. Kirungu cha nne kilimfungua utosi na damu yake ikammwagikia Msumari mdomoni. Watu walikuwa wanakanyagana mlangoni. Askari watatu walimvuta, mmoja akambana shingo, na yeye, akiwa ananing'inia mikononi mwao, uso wote mwekundu, alipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani:

"Mimi nimekubali kufa! Yeye mwacheni anyonyeshe! Mwacheni anyonyeshe!"

Waliokuwa wanakanyagana mlangoni wakasimama.

Alijisikia mwenyewe alichosema. Msumari, akiwa chali sakafuni, aliuona uso wake wakati anajisikia. Siku mbili alining'inizwa, akavunjwa vidole, akazimia na kumwagiwa maji, na hakusema. Sasa amesema, bila kuulizwa, mbele ya jaji. Aliacha kupambana, askari wakawa wanambeba.

Vichwa viligeuka nyuma, kimoja kimoja, mpaka vyote. Mjane alimtazama mdogo wake. Yule msichana alimtoa mtoto kwenye ziwa, mtoto akaanza kulia, akamweka mapajani mwa dada yake. Mjane alimshika mtoto bila kuelewa. Msichana akaja mbele katikati ya watu, akifunga kifungo cha blauzi.

"Kaka, basi," alisema. "Umeshapigwa vya kutosha."

Jaji alimwonya. Alimwambia ana haki ya kunyamaza, kwamba lolote atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika dhidi yake. Akamwamuru wakili wa utetezi asimame naye kwa sasa, mpaka apatiwe wake. Wakili akamnong'oneza asiseme kitu. Msichana akatikisa kichwa.

"Nimenyamaza miezi saba. Kaka aliniambia ninyamaze kwa ajili ya mtoto." Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi watu waache hata kukohoa. "Shemeji alianza kuniingilia wiki ya tatu baada ya kujifungua. Dada akienda kazini, yeye anarudi. Siku ile alimpokonya mtoto akamtupa kitandani kama furushi. Akanikaba. Hapa. Nikaona giza. Kisu nilikuwa nimekichukua barazani asubuhi, nikakiweka chini ya mto. Nikakichomeka. Kaka alisikia kelele, akaingia, akaniambia niende nikanawe. Yeye hakunawa."

Mama wa marehemu aliinuka, akafungua mdomo, akakaa tena.

Msumari alijiinua kwa kushika mguu wa meza. Mtu alimpa kiti. Pua ilikuwa inamwaga damu kwenye shati jeupe na jicho moja lilikuwa limeziba, lakini alitafuta karatasi safi katikati ya wino uliomwagika, akapata, akaomba kalamu. Kesi moja ilikuwa imekufa na nyingine imezaliwa hapo hapo, na kwa hii mpya mwendesha mashtaka alikuwa yeye vilevile.

Inspekta alimwinamia sikioni. Alikuwa ameshajipanga upya, mtu yule.

"Safi kabisa," alinong'ona. "Kisu chini ya mto tangu asubuhi. Alikusudia. Andika hilo tu, umemmaliza. Hayo ya kukabwa nani ameyaona? Porojo. Yaache."

Msumari alipokea kalamu. Alifuta damu kwa kiganja, akaandika *alinikaba, nikaona giza*, akaandika ya mtoto kutupwa kitandani, akaandika ya wiki ya tatu, na chini yake akaandika ya kisu. Kisha akaigeuza karatasi, ikiwa bado mbichi kwa wino na damu, akaisukuma juu ya meza mpaka mbele ya wakili wa yule msichana.

"Soma kabla hajaishika mtu mwingine," alimwambia.